Kanisa la Magogo na Swali la Watumwa

Yako mabishano ya zamani baina ya watu wa asili ya Kinorwe walioko Marekani, nayo ni haya: ni kanisa lipi la Wanorwe lililotangulia kujengwa katika nchi ile? Wengine hulitaja kanisa la Muskego, katika Wisconsin, kwa kuwa ndilo lililotangulia kuanzwa. Wengine hushikilia Koshkonong, papo hapo Wisconsin, kwa kuwa kanisa moja la huko liliwekwa wakfu Desemba 1844, na la Muskego halikuwekwa wakfu mpaka tarehe 13 Machi 1845. Watu wazima wenye akili timamu wamemwaga wino mwingi kwa ajili ya tofauti isiyotimia hata miezi mitatu.

Nasema, msomaji wangu, kwamba ubishi huo ni wa bure. Na zaidi ya kuwa wa bure, una madhara. Humfundisha kijana kulisifu jengo kwa umri wake, kana kwamba kukaa kwingi duniani ni tendo jema. Jiwe la mtoni limekaa kuliko sisi sote, wala hakuna alishukuruye. Kanisa la Muskego lastahili kusomwa, tena kwa bidii, lakini si kwa sababu lilitangulia. Lastahili kusomwa kwa kuwa watu waliolijenga na kulihudumia walikuja kuulizwa swali moja zito kuliko magogo yote ya kuta zake, nao wakatoa majibu mawili yasiyopatana kamwe.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Wanorwe wa kwanza walifika kando ya ziwa Muskego mwaka 1839, wakitoka katika milima ya Telemark, mahali penye mashamba membamba na mawe mengi. Mwaka uliofuata vijana wawili, Søren Bache na Johannes Johannessen, wakakaa kusini kidogo, karibu na ziwa liitwalo Wind Lake. Hawakuwa na nyumba. Wakachimba makao yao ndani ya tuta kubwa la udongo, na tuta lile lilikuwa limeinuliwa na wenyeji wa asili wa nchi ile. Nakuomba ulikumbuke tuta hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1840 akafika Even Heg, mtu wa Lier, karibu na mji wa Drammen, pamoja na mkewe na watoto wake. Heg hakuwa msomi wala mchungaji. Alikuwa mkulima mwenye moyo mpana. Alijenga banda kubwa la mazao, na mara banda lile likawa na kazi nyingi kuliko mazao. Wahamiaji waliofika bila mahali pa kulala walilala humo. Nchi yenyewe ilikuwa ya vinamasi, na homa ya malaria, ambayo sisi twaijua bila kufundishwa na kitabu, iliwaangusha kwa wingi. Baadaye kipindupindu nacho kikaja kikamaliza wengine. Banda likawa hospitali. Siku za ibada likawa kanisa.

Katika mwaka 1843 alifika kijana mmoja wa Denmaki, Claus Lauritz Clausen, aliyeitwa aje kuwafundisha watoto. Watu walipomwona walimtaka awe mchungaji wao, kwa kuwa hawakuwa naye. Basi tarehe 18 Oktoba 1843, humo humo bandani mwa Heg, mchungaji mmoja Mjerumani akambariki Clausen kwa kazi hiyo. Siku chache kabla yake mhubiri mwingine, Elling Eielsen, mtu wa vijijini aliyezoea kuhubiri kwa miguu nyumba kwa nyumba, naye alikuwa amebarikiwa. Wafuasi wa Eielsen hawakupenda majoho na taratibu. Wa Clausen walizitaka. Hivyo hata kabla ya kanisa kupata paa, Wakristo wake walikuwa wamekwisha gawanyika. Wako waandishi ambao huona haya kulisema jambo hili. Mimi silionei haya. Watu wanaobishana juu ya imani yao ni watu wanaoijali.

Heg akatoa mahali pa kujenga, juu ya kilima. Tollef Bache, baba yake Søren, akasaidia kwa fedha kutoka Norwe. Na wanakijiji wakatoa mikono yao. Kuta zilijengwa kwa magogo ya mwaloni yaliyochongwa na kuunganishwa kwa uangalifu sana, na kazi ya ndani ikapambwa kwa mbao za mjozi. Hilo ndilo kanisa la Muskego. Liliwatosha kwa miaka kama ishirini na mitano. Mwaka 1869 wakajenga jingine kubwa, na la zamani, ambalo leo watu wagombania heshima yake, likauzwa, likawa ghala katika shamba la mtu! Mwaka 1904 magogo yake yalipelekwa St. Paul, Minnesota, yakasimamishwa upya katika viwanja vya chuo cha wachungaji. Waona jinsi wanadamu walivyo: wajukuu hulia kwa kitu ambacho babu zao walikitumia kuwekea nyasi.

Wanakijiji hawa, usidhani walikuwa wanyonge wasio na sauti. Watu wa Norwe walipoandika kwamba waliohamia Amerika wamejitupa shimoni, wanaume themanini wa Muskego walitia sahihi barua ya wazi, Januari 1845, wakaipeleka ikachapishwa katika gazeti la mji mkuu wa Norwe. Walikiri taabu zao, wala hawakuficha maradhi. Lakini walisema kwamba walikuja kutafuta riziki na uhuru, na kwamba hawakujuta. Na mwaka 1847, katika nyumba ya magogo ya Even Heg, likapigwa chapa gazeti la kwanza la Kinorwe katika Marekani, Nordlyset, mhariri wake akiwa James Reymert. Gazeti hilo liliunga mkono chama kilichopinga utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi. Mkulima aliyekuwa na banda la wagonjwa sasa alikuwa na gazeti la wapinga utumwa ndani ya nyumba yake. Alifariki mwaka 1850, asiione vita.

Sasa twafika penyewe.

Mwaka 1853 wachungaji wa Kinorwe walikuwa wameunda umoja wao, Sinodi ya Kinorwe. Walihitaji mahali pa kuwasomesha wachungaji wapya, lakini chuo hawakuwa nacho. Wakatuma wenzao wawili kuvizuru vyuo mbalimbali, na chuo kilichowapendeza kilikuwa Concordia, cha Walutheri Wajerumani, katika mji wa St. Louis. Kilipendwa kwa elimu yake, na elimu yake ilikuwa ya kweli. Lakini St. Louis ulikuwa katika jimbo la Missouri, na Missouri ilikuwa nchi ya watumwa. Walimu wa chuo hicho walifundisha kwamba Maandiko hayakatazi utumwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861. Gazeti la Kinorwe liitwalo Emigranten likauliza waziwazi: Sinodi yetu, inayowasomesha vijana wetu St. Louis, yasema nini juu ya utumwa? Sinodi ikakutana mwaka huo huo, na wachungaji wakatoa tamko. Walisema kwamba kwa Neno la Mungu, kuwa na watumwa si dhambi kwa jambo lenyewe. Ila kwamba utumwa ni uovu na ni adhabu, na kwamba waulaani ukatili wote unaoambatana nao.

Lisome tamko hilo mara mbili, kijana. Laonekana lina busara. Lina mkono mmoja huku na mkono mmoja kule. Wanaotetea wachungaji wale husema kwamba walilaani ukatili, je, mwataka nini zaidi? Nataka neno moja litoke: hilo neno «lenyewe». Utumwa wenyewe ni nini? Mwondolee mtumwa mjeledi, mwondolee mnada, mwondolee sheria inayomruhusu bwana kumuuza mtoto mbali na mamaye, mwondolee kazi isiyo na ujira. Kilichobaki ni nini? Hakuna kilichobaki. Utumwa usio na ukatili wake haukuwako Missouri, wala Virginia, wala Zanzibar. Ulikuwako katika karatasi za wasomi tu. Wakaupata huo wa karatasi kuwa hauna dhambi, na kwa njia hiyo bwana wa watumwa aliye hai, mwenye mjeledi mkononi, akapata pumziko la moyo ambalo hakustahili.

Waumini wengi wa kawaida walifadhaika. Wengi wao walikuwa wakulima ambao hawakujua Kiyunani wala Kiebrania, hawakuweza kuchambua kitenzi cha Mtume Paulo, na walijibiwa kwamba hawaelewi. Hilo ndilo jibu ambalo mwenye elimu humpa asiye nayo anapoishiwa na hoja. Nami, ambaye nimefundishwa ualimu na nalipwa kwa kuwafundisha wengine, nakuambia kwamba elimu haina adui mbaya kuliko msomi anayeitumia kufunga midomo ya watu. Wakulima wale walielewa vyema kabisa. Walielewa kwamba mtu aliyekimbia umaskini wa Telemark ili awe huru hawezi kumwambia mtu mwingine kwamba kutokuwa huru ni jambo lisilo na hatia.

Utasikia utetezi wa pili, nao husikika darasani mara nyingi: «Usiwahukumu, walikuwa watu wa wakati wao.» Nauchukia utetezi huu, kwa kuwa huwasahau watu wengine wa wakati huo huo. Je, Clausen hakuwa wa wakati wao? Yule yule Mdenmaki aliyebarikiwa bandani alikuwa mmoja wao, na alikuwa amelikubali tamko. Muda si mrefu akaliondoa jina lake hadharani, gazetini, akasema kwamba utumwa wapingana na amri ya kumpenda jirani. Hakuwa na vitabu vingi kuliko wenzake. Alikuwa na amri hiyo moja, akaishika. Wenzake walimwandama kwa miaka, mkutano hata mkutano, hata mwaka 1868 akatoka katika Sinodi. Na mtumwa mwenyewe, msomaji, yeye hakuwa wa wakati wao? Au maoni yake juu ya utumwa hayahesabiwi katika maoni ya wakati?

Jibu la pili lilitoka nyumbani mwa Heg. Mwanawe Even, Hans Christian, alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi walipofika Muskego. Alikua katika banda lile, akiwaona wagonjwa na kuwasikia wahubiri. Mwaka 1849 alikwenda California kutafuta dhahabu, na baada ya kifo cha baba yake akarudi kushika shamba. Mwaka 1859 alichaguliwa kuwa mkuu wa magereza ya Wisconsin, na kwa uchaguzi huo akawa Mnorwe wa kwanza katika Marekani kuchaguliwa na jimbo zima kwa kazi ya serikali.

Na mkuu huyo wa magereza alifanya nini? Mwaka 1854 mtumwa mtoro, Joshua Glover, alikuwa amekamatwa akafungwa Milwaukee, ili arudishwe kwa bwana wake. Umati wa watu ukavunja gereza ukamtoa, naye akafika Kanada salama. Mhariri Sherman Booth, aliyewachochea watu wale, alishitakiwa kwa miaka mingi na kufungwa. Na mwaka 1860 alipotoroka kifungoni, Hans Heg akampa maficho. Mkuu wa magereza akamficha mtoro wa gereza! Mpenda sheria atatikisa kichwa. Mimi namwomba mpenda sheria anionyeshe ni sheria gani iliyokuwa ikitekelezwa. Ilikuwa sheria ya kumrudisha mwanadamu kwa mnunuzi wake, na Heg aliifahamu vyema kuliko wengi, kwa kuwa funguo zilikuwa kiunoni mwake.

Vita vilipokuja aliacha kazi hiyo, akaunda kikosi cha kumi na tano cha Wisconsin, karibu watu wote wakiwa wahamiaji wa kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, Wanorwe hasa. Mchungaji wao wa kwanza vitani alikuwa Clausen. Kanali Heg alipigwa risasi katika mapigano ya Chickamauga, tarehe 19 Septemba 1863, akafa kesho yake. Alikuwa na umri wa miaka 33. Katika kikosi chake, kama theluthi moja hawakurudi nyumbani. Maiti yake ililetwa ikazikwa Wisconsin, katika makaburi ya kijiji chake.

Basi hayo ni majibu mawili: la joho na la shamba. Lakini sikuahidi kukupa hadithi ya malaika na mashetani, na hapa ndipo lile tuta la udongo linaporudi.

Nchi ya Muskego haikuwa tupu. Hata jina lenyewe la Muskego si la Kinorwe wala la Kiingereza; limetoka kwa wenyeji. Ilikuwa nchi ya Wapotawatomi. Mwezi wa Septemba 1833, huko Chicago, wakuu wa Wapotawatomi na makabila yaliyofungamana nao waliwekwa mbele ya mkataba wakaitia sahihi kuiacha nchi yao, kama eka milioni tano, ikiwamo kusini-mashariki mwa Wisconsin. Walipewa miaka michache wahame, na wengi walipelekwa magharibi ya mto Mississippi. Miaka sita tu baada ya mkataba, Mnorwe wa kwanza akafika Muskego. Aliuziwa eka moja na serikali kwa dola moja na robo. Hakuuliza serikali iliipataje. Bache na Johannessen walilala ndani ya tuta la watu wale, wakiona fahari ya kupata nyumba pasipo gharama ya mbao.

Nawatafuta, katika ile barua ya wanaume themanini, Wapotawatomi wako wapi? Wale waliotia sahihi kwamba wamekuja kutafuta riziki na uhuru hawakuulizwa na mtu yeyote: riziki ya nani? Na waliweza kuulizwa. Macho yaliyomwona mtumwa wa Missouri, aliye mbali safari ya siku nyingi, hayakumwona mwenyeji ambaye tuta lake lilikuwa dari ya nyumba yao. Hili halifuti alilofanya Heg. Wala alilofanya Heg halilifuti hili. Mwanafunzi atakayeniandikia insha akinichagulia moja na kuliacha jingine, nitampa nusu ya alama.

Labda wasema mambo haya ni ya nchi ya mbali, ya theluji na mialoni. Lakini mwaka ule ule wa 1844, magogo ya Muskego yakichongwa, Ludwig Krapf alishuka Mombasa. Baada ya miaka miwili akaanzisha misheni huko Rabai. Na Rabai nako swali la watumwa lilibisha hodi. Watumwa watoro walikimbilia misheni za pwani, mabwana zao wakawadai, na wamisionari wakabishana kama kuwapokea ni haki au ni kuvunja sheria ya nchi. Wako waliosema, kama kule Wisconsin, kwamba si kazi ya kanisa kuvuruga mambo ya mali za watu. Hatimaye, tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana zao. Mabwana walilipwa. Soma tena: waliolipwa ni mabwana. Yule anayezuru Rabai akatazama jengo la zamani, akasoma mwaka wake, akaondoka, amefanya safari ya bure kama yule anayepima miezi mitatu kati ya Koshkonong na Muskego.

Liko neno moja lililosalia, la siku zetu wenyewe. Mjini Madison, mji mkuu wa Wisconsin, ilisimamishwa sanamu ya shaba ya Hans Heg katika miaka ya 1920. Mwezi wa Juni 2020, katika maandamano ya hasira dhidi ya dhuluma wanazotendewa watu weusi, sanamu hiyo iliangushwa, ikakatwa kichwa, ikatupwa ziwani. Mtu aliyekufa akipigana na majeshi ya wenye watumwa! Wengi walicheka, wakasema: tazameni ujinga wa vijana. Mimi sikucheka. Hasira ya waandamanaji ilikuwa na sababu, na sanamu ilikuwa imesimama pale kwa karibu miaka mia moja ikimwonyesha mpita njia askari tu, mwenye joho la vita na masharubu. Shaba haisemi kwamba mtu huyu alimficha Booth. Haisemi tamko la 1861 wala jina la Clausen. Na walioilinda kwa miaka yote hiyo walijivunia kwamba Heg alikuwa Mnorwe, kama wanavyojivunia kwamba kanisa lilikuwa la kwanza; na kama hayo mawili ndiyo yote waliyowapa watoto wa mji kuyajua, kwa nini mtoto asiivute kamba?

Mafundi waliikarabati, na Septemba 2021 sanamu ikarudishwa mahali pake.